Kila mada tunayochagua, sote tunachora kitu kilekile

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanafunzi wa sekondari, na mwaka huu wenzangu wamenichagua kuwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha sanaa. Tuko ishirini na kitu. Wapo waliochora tangu utotoni na mkono wao umeshakomaa, na wapo waliojiunga kwa kupenda tu, bado wanaiogopa karatasi nyeupe. Tunakutana mara moja kwa wiki baada ya vipindi.

Kila kikao tunakuwa na mada mpya. Tunapiga kura, inayoshinda ndiyo tunayochora siku hiyo. Tumeshafanya Amani, Mazingira, Ndoto Zangu, Umoja na nyinginezo. Shida ni kwamba kazi zinafanana mno. Siku ya Amani nilikusanya njiwa juu ya njiwa. Siku ya Mazingira karibu kila mtu alichora dunia iliyoshikwa na viganja viwili, upande mmoja kijani, upande mwingine umekauka. Wanaojua kuchora wanamaliza mapema na kuanza kupiga soga. Wasiojua wanatafuta picha kwenye simu na kuinakili mstari kwa mstari. Kikao kinachofuata tunaanza mada nyingine, na zile karatasi zinaingia kabatini zisitoke tena.

Kuna jingine. Mwenzetu mmoja ana kipaji kikubwa, lakini anachora wahusika wa katuni za Kijapani tu, mada iwe yoyote. Baadhi ya wanakikundi wanataka aambiwe abadilike au aondoke. Mimi sitaki aondoke, ila sijui nimwambie nini.

Maonyesho yetu ya mwisho wa muhula watu walipita, wakasema "mmejitahidi", wakatoka. Iliniuma kwa sababu nawajua wenzangu na uwezo wao. Kwa maonyesho yajayo mlezi wetu ametupa mada ya Safari na kutuachia mengine yote tupange wenyewe. Tuna vikao kumi na viwili. Vifaa vyetu ni penseli, karatasi, rangi za maji kidogo, mikasi na gundi. Nipange vipi, Shangazi?

Mwenyekiti Mwenye Mawazo

*

Marahaba, mwanangu. Nimefurahi kupata barua ya kiongozi anayeumia kuona kazi za wenzake zinafanana, maana wengi wangeshukuru tu kwamba watu wamehudhuria.

Nianze na hao njiwa. Amani, Mazingira, Umoja ni maneno ambayo tayari yana picha zake. Ukiyataja tu, picha inakuja yenyewe kabla mtu hajafikiri. Njiwa ni ishara ya tangu kale, na mwaka 1949 njiwa wa mchoraji Pablo Picasso alipowekwa kwenye bango la kongamano la amani mjini Paris, akaenea duniani kote. Kwa hiyo mwanakikundi wako aliyechora njiwa hakukosa ubunifu. Aliombwa alama, akatoa alama anayoijua. Ukitaka akupe kitu chake mwenyewe, lazima umwombe kitu ambacho hakina alama.

Mada ya kuchora inahitaji vitu viwili ambavyo neno moja halina: swali ambalo jibu lake huonekana kwa macho, na sharti la namna ya kulijibu. Chukua hiyo Amani. Badala ya kuandika neno hilo ubaoni, andika: "Chora chumba muda mfupi baada ya ugomvi kwisha. Ndani pasiwe na mtu." Sasa kila mmoja anarudi kwenye chumba anachokijua yeye. Huyu atachora kiti kilichosukumwa kando, yule mlango ulioachwa wazi, mwingine viatu vya watu wawili vilivyowekwa pamoja. Hakuna njiwa anayeweza kuingia humo. Mazingira yanaweza kuwa: "Ni mmea gani umeota mahali ambapo hakuna aliyeupanda?" na sharti likawa uchorwe kwa ukubwa wake halisi, mchoraji akiwa amechuchumaa mbele yake. Ndoto Zangu inaweza kuwa mlango mmoja wa shuleni ambao mchoraji hajawahi kuufungua, na kilichoko nyuma yake.

Kabla ya kutangaza mada yoyote, ijaribu hivi. Kaa na wenzako watatu au wanne, kila mmoja aandike kwa siri picha ya kwanza iliyomjia kichwani. Mkifunua karatasi mkakuta mmeandika kitu kimoja, mada haijaiva. Ipunguzeni, iwekeeni mahali, saa, kitu, mtu, kisha mjaribu tena.

Najua kuna watakaolalamika kwamba masharti yanawabana wasanii. Nakuomba usiwasikilize katika hili. Karatasi nyeupe na ruhusa ya kufanya chochote ndivyo vinavyomtisha mgeni, na ndivyo vinavyomfanya mzoefu arudie anachokiweza. Josef Albers, aliyefundisha katika shule ya sanaa ya Bauhaus nchini Ujerumani, aliwahi kuwapa wanafunzi wake magazeti matupu, akawataka kila mmoja aunde kitu bila kupoteza karatasi bure. Aliporudi alikuta mashua, ngome, ndege, barakoa. Hakuvutiwa navyo. Kazi aliyoisifu ilikuwa ya mwanafunzi aliyeikunja karatasi kwa urefu tu, ikasimama wima. Karatasi laini, ambayo siku zote hulala, ilikuwa imepata nguvu ya kusimama, na pande zake zote mbili zikaonekana kwa pamoja. Hao wengine walikuwa wametengeneza vitu ambavyo vingeweza kutengenezwa kwa chochote kile.

Zoezi hilo mnaweza kulifanya kikao cha kwanza kabisa, maana halihitaji hata penseli.

Nakwambia haya kwa sababu umetaja uchache wa vifaa kana kwamba ni udhaifu. Mchoraji wa Tanzania Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alitumia rangi za kupakia baiskeli juu ya mbao nyembamba za bei nafuu, na mng'ao wa rangi hizo ukawa sehemu ya mtindo unaobeba jina lake hadi leo. El Anatsui, mzaliwa wa Ghana aliyefanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria, anaunganisha vifuniko vya chupa kwa nyaya za shaba hadi vinakuwa pazia linalofunika ukuta mzima. Wote wawili walikaa na kifaa kimoja muda mrefu wakakijua. Kama rangi zenu za maji ni kidogo, amueni kwamba mradi mzima utafanywa kwa rangi moja tu, kuanzia nzito kabisa hadi ile iliyotiwa maji mengi ikakaribia weupe wa karatasi. Mtajifunza mwanga na kivuli kuliko mngekuwa na boksi la rangi ishirini na nne, na kazi zikitundikwa pamoja zitaelewana.

Sasa hili la wanaojua na wasiojua. Ni kweli linasumbua kila kikundi, lakini kuna masharti yanayowaweka wote mahali pamoja. Chora kitu bila kuangalia karatasi na bila kuinua penseli: mkono mzoefu hapo hauna faida kubwa. Au ondoeni penseli kabisa, ibaki mikasi. Mchoraji wa Kifaransa Henri Matisse, baada ya upasuaji mkubwa wa mwaka 1941, alishindwa kusimama muda mrefu mbele ya turubai, akaanza kukata maumbo moja kwa moja kutoka kwenye karatasi zilizopakwa rangi, na kazi hizo za miaka yake ya mwisho ni miongoni mwa zinazopendwa zaidi. Mgeni wa kuchora ana mikasi sawasawa na mzoefu.

Lakini ninaoupenda zaidi ni mradi wa maelekezo. Kuanzia mwaka 1968 msanii wa Marekani Sol LeWitt alikuwa akiandika maelekezo ya michoro ya ukutani, watu wengine wakaichora. Kazi ilikuwa katika wazo. Kila mwanakikundi aandike sentensi nne zinazoeleza picha, bila kutaja jina la kitu kinachochorwa: mistari mingapi, inaanzia wapi, inakutana na nini, inaishia wapi. Kisha karatasi zichanganywe, kila mmoja achore maelekezo ya mwenzake. Yule anayesema hajui kuchora huenda ndiye atakayeandika maelekezo bora kuliko wote, na aliyezoea kusifiwa kwa mkono wake atalazimika kufuata akili ya mwingine. Maelekezo yaleyale yakipewa watu watatu, picha tatu tofauti zikitundikwa pamoja na ile karatasi ya sentensi nne, watazamaji hawatapita haraka.

Kuhusu simu, usizipige marufuku. Weka sharti la chanzo: unachokichora kiwe umekigusa, umekiona kwa macho yako, au umekipiga picha wewe mwenyewe. Hapo simu inageuka kuwa kifaa cha kutazamia, na kunakili picha ya mtu usiyemjua kunaisha bila ugomvi.

Sharti hilohilo ndilo litakalokusaidia kwa huyo mwenzenu wa katuni. Msimguse mtindo wake. Mtu aliyepata lugha yake ya kuchora akiwa bado mwanafunzi ana kitu ambacho wengi hukitafuta hadi uzeeni, na kikundi kinachomfukuza kwa ajili hiyo kinajipunguzia. Mwambie achore mhusika anavyotaka, macho makubwa na nywele za ncha kali, ila mkao wa mwili na mikunjo ya nguo avitoe kwa mtu halisi aliyekaa mbele yake hapo darasani. Kisha mpe kikao kimoja awafundishe wenzake namna anavyoonyesha mwendo kwa mistari michache. Wanaomlalamikia wakishajaribu wenyewe wataona ugumu wake. Zungumza naye faragha kwanza, kwa heshima. Usimtangazie sharti mbele za watu kana kwamba limetungwa kwa ajili yake, kwa sababu ni la wote.

Ratiba ndipo ninapotaka ubadilishe zaidi. Mada mpya kila kikao ndiyo inayojaza kabati lenu. Picha ya kwanza inayomjia mtu ni ya kila mtu, ya pili karibu hivyo, na yake mwenyewe huja baadaye, ikiwa amepewa muda. Katika vikao kumi na viwili nisingefanya zaidi ya miradi mitatu. Vikao viwili vya mwanzo ni vya kufungua mkono: karatasi ya gazeti, kuchora bila kuangalia, maelekezo ya sentensi nne. Viwili vya mwisho ni vya maandalizi ya maonyesho, na usikubali mtu aviibe kumalizia uchoraji. Kati yake kuna mradi mkubwa wa Safari, vikao vitano au sita, na kazi ya pamoja kwa muda unaobaki.

Ndani ya mradi mkubwa, kikao cha kwanza mtu yeyote asichore picha kamili. Kila mmoja agawe karatasi yake katika vyumba vidogo vya ukubwa wa kiganja cha mtoto, ajaze vinane, kila kimoja wazo tofauti au upande tofauti wa wazo lilelile: kwa mbali, kwa karibu sana, kutoka juu, kikiwa kimekatwa na ukingo wa karatasi. Kisha achague, na asiruhusiwe kuchagua cha kwanza wala cha pili. Kikao cha pili ni cha kujaribu vifaa kwenye vipande vya karatasi chakavu. Baada ya hapo ndipo kazi yenyewe ianze. Wanaomaliza mapema hawatakuwa na nafasi ya kupiga soga, maana katikati ya mradi mtatundika kila kitu kikiwa hakijakamilika na kuzungumza.

Mazungumzo hayo yaongoze kwa makini, mwanangu, kwa sababu ndiyo yanayowafukuza wageni au kuwakuza. Aliyechora anyamaze. Wengine waanze kwa kusema wanachokiona tu: jicho linaanzia wapi, linaelekea wapi, sehemu gani ni nzito, sehemu gani iko tupu. Maneno "nzuri" na "mbaya" yakae nje. Mwisho aliyechora aseme alichokusudia, na kama kuna pengo kati ya alichokusudia na kilichoonekana, atajua mwenyewe afanye nini wiki ijayo. Kazi moja isizidi dakika tano, la sivyo wa mwisho hawatafikiwa.

Na kura? Acheni kabisa kupigia mada kura. Kura huchagua neno ambalo hakuna anayelichukia, na neno hilo daima ni pana. Wape watu wawili wawili zamu ya kuleta mada, mmoja mzoefu na mmoja mgeni, waje na swali, sharti, na jaribio moja walilochora wao. Kama wao wenyewe hawakuweza kulichora, wengine hawataweza.

Kazi ya pamoja inayofaa kwa vifaa vyenu ni picha ya vipande. Karatasi za A4 kumi na sita zikipangwa nne kwa nne zinatoa ukubwa wa A0, yaani takriban milimita 841 kwa 1,189, eneo la mita moja ya mraba. Chukua picha moja, igawe kwa mistatili kumi na sita ya uwiano huohuo, mpe kila mtu kipande kimoja akikuze kwa penseli bila kuona picha nzima. Kwa kuwa mko ishirini na kitu, baadhi watafanya kazi wawili wawili, na hapo mweke mgeni na mzoefu. Kabla ya kuanza, wote mchore ngazi moja ya weusi, tuseme hatua sita kutoka nyeupe hadi nyeusi kabisa, na kila mmoja aiweke pembeni ya kipande chake. Msipofanya hivyo, mmoja atachora kijivu hafifu na jirani yake mweusi tii, na picha haitaungana. Mistari inayovuka ukingo itiwe alama kabla ya vipande kukatwa.

Maonyesho yenu yaliyopita watu walipita kwa sababu hawakuwa na la kufanya zaidi ya kusifu. Safari hii andikeni swali na sharti kwa herufi kubwa mlangoni, mtazamaji ajue wachoraji walikuwa wanapambana na nini. Tundikeni vile vyumba vidogo vinane kando ya kazi iliyokamilika. Watu hupenda kuona njia nyingine ambazo mchoraji angeweza kupita. Katikati ya kila picha iwe kwenye usawa wa macho, kama sentimita 150 kutoka sakafuni, na picha zisibanane. Ni bora kila mchoraji atundike kazi moja iliyopewa nafasi kuliko tatu zilizosongamana. Na muwaachie wageni kitu cha kufanya. Mwaka 2002 msanii wa Kijapani Yayoi Kusama alitengeneza chumba cheupe chenye samani nyeupe ndani ya jumba la sanaa huko Queensland, Australia, watoto wakapewa vibandiko vya duara vya rangi wavibandike popote, hadi weupe ukapotea. Nyinyi hamhitaji chumba. Karatasi kubwa ukutani yenye sharti moja na penseli iliyofungwa kwa uzi inatosha.

Tumalizie na Safari yenyewe. Mkifanya lile jaribio la siri mtaandika basi, barabara inayoelekea kwenye milima, begi, nyayo mchangani. Yote hayo yawekeni kando siku ya kwanza. Mimi ningeuliza: "Ni kitu gani kilisafiri nawe bila kutumika?" Ufunguo wa nyumba iliyoachwa nyuma. Sweta lililobebwa kwa hofu ya baridi. Namba ya simu kwenye kipande cha karatasi. Swali hilo hata asiyewahi kutoka mtaani kwake analijibu, kwa sababu kwenda shule kila asubuhi nako ni safari, na kwenye mkoba wake kuna kitu hicho. Sharti: kitu kichorwe kwa ukubwa wake halisi, kwa rangi moja, na karatasi inayobaki ionyeshe alikokipeleka, bila kuchora barabara wala chombo cha usafiri. Mwenzenu wa katuni anaweza kumpa mhusika wake kitu hicho mkononi.

Mtangazie kila mmoja wiki moja kabla, ili kikao cha kwanza cha mradi aje nacho. Atakayesahau achore kilichomo mfukoni mwake siku hiyo.

Shangazi